Uwanja Uliotiwa Meno

Mimi nina stashahada ya nyasi. Usicheke mapema, utachoka kabla hatujafika. Nilikaa chuoni nikisomea namna nyasi zinavyokunywa, zinavyougua na zinavyopona, na siku nilipopeleka cheti nyumbani mama yangu alikishika kwa mikono miwili, akakisoma hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole mbuzi wa jirani walisomea chuo gani.

Cheti hicho ndicho kilichonipa kazi ya kusimamia uwanja wa gofu, tena si uwanja wa hivi hivi. Wetu ni wa michuano mikubwa. Picha zake zimo kwenye kalenda, na kuna watu husafiri mbali kuja kuutazama tu. Husimama ukingoni wamefunga mikono nyuma kama wako msibani. Mimi huwasogelea, najifanya nakagua majani, nangoja waniulize kitu. Wasipouliza huwajibu hivyo hivyo.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: uwanja wa gofu unakuwa mkubwa, mkubwa hasa, kwa sababu gani? Jibu langu nimelitoa kwenye harusi, kwenye foleni ya benki, na mara moja kwa daktari wa meno nikiwa na pamba mdomoni. Uwanja mkubwa, nilikuwa nasema, ni ule unaotesa. Uwe mrefu. Uwe na mabanka, yaani yale mashimo mapana ya mchanga, yenye kina cha kumtisha mtu. Nyasi za pembeni zimeze mpira usionekane tena. Bingwa aingie kwa madaha na atoke anatafuta maji ya kunywa. Nilipokuwa nalieleza hilo kwenye harusi ya mpwa wangu, mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ananiunga mkono, nikaongeza sauti.

Mke wangu mwenyewe anafundisha jiografia shule ya sekondari, na gofu anaicheza kuliko wanaume wengi wa klabu yetu, jambo ambalo wanaume hao hawalizungumzii. Ameshika nafasi ya pili kwenye mashindano mengi mpaka wenzake wakampachika jina la Makamu. Anaitika bila kinyongo. Kabatini kwetu zimejaa sahani ndogo ndogo za fedha za mshindi wa pili, na tunazitumia kuwekea funguo.

Mwaka huu ubingwa wa wanawake ukaletwa kwenye uwanja wetu. Jioni tulipopata habari, Makamu alikuwa anapiga pasi. Goti lake la kulia lina maumivu ya muda mrefu, na daktari amekwisha kumwambia achague kati ya gofu na ngazi za shuleni.

"Huu ndio wa mwisho," alisema. "Baada ya hapa nitacheza na kina mama wa Jumamosi."

"Usijali, mama watoto. Kushiriki tu ni heshima."

Aliweka pasi wima. "Mimi nalitaka hilo kombe."

Makamu si mtu wa kusema anataka kitu. Ukimuuliza atakula nini atakwambia chochote kilichopo. Kwa hiyo niliposikia neno lile nilipaswa kukaa chini na kulitafakari. Badala yake nilikuwa nawaza mambo yangu, maana mchana ule mwandishi mmoja wa michezo alikuwa ameniharibia siku. Alizunguka uwanja mzima, akanishukuru kwa soda, kisha akaandika kwamba uwanja wetu ni mzuri kwa macho ila siku hizi umekuwa kibogoyo.

Kibogoyo! Niliirudia sentensi ile mpaka nikaihifadhi. Nikaapa kwamba uwanja wangu utaota meno, na utaota mbele ya kadamnasi.

Sasa, kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo, na nitajitahidi kuwa mfupi. Shimo la gofu halikai mahali pamoja. Liko ndani ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi kama zulia inayomalizia kila njia, lakini kila asubuhi ya mashindano msimamizi hulihamisha. Anakuja na bomba la chuma lenye makali, analizungusha ardhini, anatoa kipande cha udongo, anatia kopo na kusimika kibendera. Shimo la jana analiziba kwa kile kipande alichotoa. Kwa hiyo mchezaji anaujua uwanja, ila hajui leo shimo liko wapi mpaka alifikie. Na anayekata shimo hamwambii mtu. Si rafiki, si bosi, si mke. Hilo ni jambo la heshima, na mimi kwenye heshima sina mchezo.

Ndiyo maana wiki ile nyumba yetu ilikuwa kama ubalozi wa nchi mbili zenye mgogoro. Makamu akiingia chumbani, mimi nakunja mchoro wangu wa grini na kuukalia. Nikizungumza kwa simu, naenda bafuni. Siku moja aliniomba chumvi nikasita, maana nilikuwa nimetumia kile kichupa cha chumvi kuonyesha mahali pa kibendera.

"Hivi unajua sijakuuliza chochote?" alisema.

"Ndiyo, lakini uso wako unauliza."

"Uso wangu unataka chumvi, baba."

Siku ya kwanza na ya pili ya mashindano nilikata mashimo ya kawaida. Nilikuwa naiweka akiba sumu yangu. Makamu alicheza vizuri mno. Alikuwa anapiga bila haraka, anatembea akichechemea kidogo, na jioni ya siku ya pili jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye ubao, mkwaju mmoja mbele, yaani amepiga mpira mara moja pungufu ya mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mabega mapana na adabu nyingi. Katibu wa klabu, ambaye ni rafiki yangu na kwa hiyo humwita mke wangu shemeji, alianza kutembea akijisemea hotuba.

Hakuna aliyekuwa na furaha kunishinda, ila mimi nilikuwa na furaha mbili, na hizo mbili hazikuwa zimekutana. Ya kwanza ilikuwa kwamba mke wangu anaongoza. Ya pili ilikuwa kwamba kesho yake uwanja wangu unaota meno.

Grini ya mwisho, ile ya kumi na nane, ina nundu upande wa kulia, nyuma ya banka kubwa kuliko yote. Hakuna msimamizi aliyewahi kukata shimo juu ya nundu ile. Mimi nilidhani ni kwa sababu waliotangulia walikuwa waoga. Alfajiri ya siku ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, nilipanda pale na bomba langu, nikakata shimo karibu kabisa na kilele, nikasimika kibendera, nikarudi hatua chache kujivunia. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtaalamu, nikafanya jaribio. Nilitelezesha mpira taratibu kutoka chini. Ukapanda, ukapunguza mwendo, ukasimama kando ya shimo na kutulia. Nikarudia. Ukatulia tena. Nikajipigia makofi, na makofi yale yalikuwa mepesi kwa sababu glavu zangu zilikuwa zimelowa chepechepe.

Zilikuwa zimelowa kwa nini? Kwa umande, bwana. Nyasi zilikuwa na umande. Nyasi zenye umande huushika mpira. Zikikauka na kupigwa na upepo, ule ule mpira unakwenda mara mbili. Hilo ni somo la wiki ya kwanza chuoni. Mimi mwenyewe huwafundisha vibarua wapya, tena kwa kidole, tena kwa kufoka. Na asubuhi ile nilisimama juu ya maji yale, soksi zikinywa, nikaona jaribio langu limefaulu.

Wachezaji wa kwanza kufika pale walifika mapema, nyasi bado mbichi, na wakapata shida kidogo tu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba nimevaa kofia mpya. Kila mpira uliponusurika kurudi nilimkonyeza mwandishi wa michezo, ambaye hakuniona. Jua likapanda. Saa za mchana watu wakaanza kupiga mara tatu, mara nne. Mama mmoja mcheshi alipiga, mpira ukapanda, ukamfikiria, ukarudi. Akauambia, "Umesahau nini?" Watu wakacheka na mimi nikacheka kuliko wote. Meno yanatoka, nikajiambia. Upepo ukaanza kuvuma.

Wanaoongoza hucheza mwisho. Makamu na yule mwanafunzi walipokuja kuelekea grini ya kumi na nane, nyasi za nundu zilikuwa zimekauka kama karatasi. Makamu alikuwa bado mbele kwa mkwaju mmoja. Alipiga mpira mzuri ambao ulipita juu ya banka na kukaa chini ya nundu, karibu, mahali ambapo mimi mwenyewe ningeshukuru. Alihitaji kupiga mara mbili tu na kombe lingekuwa lake. Alichutama kwa shida, kwa lile goti, akausoma mteremko, akasimama, akapiga.

Ulikuwa mpigo safi. Ulipanda moja kwa moja, ukafika mdomoni mwa shimo, ukasimama. Watu wakavuta pumzi. Kisha mpira ukatikisika kidogo na upepo, ukaanza kurudi, polepole, ukishika kasi, mpaka ukaja kulala miguuni pake, palepale alipoupigia.

Akapiga tena, na ukarudi tena. Mara ya tatu aliupiga kwa nguvu zaidi, ukavuka nundu, ukateremkia upande wa pili na kutoka nje ya grini. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka. Mwanafunzi naye alipopiga, wake ukarudi vilevile, akamtazama Makamu kama mtoto anayemuuliza mzazi kama hii ni sehemu ya mtihani. Sitahesabu mikwaju. Mwishowe mpira wa mwanafunzi ulidumbukia kwa bahati, wa Makamu ukadumbukia baadaye sana, na mke wangu aliyekuja akiongoza akaondoka ameshindwa vibaya.

Alipita mbele yangu pale kwenye kamba. Nilikuwa nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Yeye hakunitazama kabisa, alikuwa anatazama glavu yake akiivua kidole kimoja kimoja.

Mwamuzi mkuu alinikuta nimejificha kwenye banda la mashine, najifanya natafuta spana. Ni mama mfupi, ana sauti ndogo ambayo inakulazimisha uinamishe kichwa kama unayeungama.

"Nina swali moja," alisema. "Lile shimo, mpira ulikuwa unaweza kusimama kando yake au haukuweza?"

"Mama, nililijaribu asubuhi. Ulisimama. Mara mbili."

Na ilikuwa kweli. Angalia jinsi ukweli unavyoweza kuwa msaada kwa mwoga. Ningenyamaza pale, matokeo yangebaki. Mwanafunzi angechukua kombe, gazeti lingeandika kwamba uwanja wetu umemeza mabingwa, na mimi ningekuwa shujaa wa meno. Nikisema zaidi, raundi nzima ya siku ile ingefutwa, maana kwa sheria shimo ambalo mpira hauwezi kusimama kando yake ni batili, na hapo watu wangesema: bila shaka, mke wake ameshindwa, anatafuta pa kutokea. Na kibarua changu kingeota nyasi, na hizo angezikata mwingine.

Mwamuzi alikuwa bado ananitazama. Nikaona tena ule mpira ukirudi na ile mikono ya mke wangu imeshika fimbo, imetulia, haijafanya kosa lolote.

"Lakini kulikuwa na umande," nilisema. "Nililijaribu juu ya umande. Lilipokauka halikuwa shimo tena, lilikuwa kichekesho. Kosa ni langu, mama, na kazi hii naijua, kwa hiyo sina hata pa kujitetea."

Akatikisa kichwa. "Na mimi nilipita pale asubuhi nikakiona hicho kibendera, nikajiambia mtaalamu yupo," alisema. "Twende tukawaambie."

Raundi ya tatu ikafutwa. Katibu alituita ofisini kwake, mimi, Makamu, mwanafunzi na mwamuzi. Kombe lilikuwa mezani limeng'arishwa.

"Kwa utaratibu wetu," alisema Katibu, "raundi moja ikifutwa tunaweza kumaliza kwa raundi zilizobaki. Wageni wamechoka, ukumbi umelipiwa, hotuba ninayo. Na baada ya siku mbili aliyekuwa anaongoza ni shemeji yangu hapa. Au, kama hawa wawili waliokuwa wanaongoza wakikubali, raundi irudiwe kesho. Lakini kwa nini tujisumbue? Shemeji, hongera."

Akalisukuma kombe mbele yake. Mwanafunzi akasema kwa adabu yake yote kwamba yeye hana pingamizi, mama anastahili. Nilimtazama mke wangu, nikasema kimoyomoyo: chukua, tafadhali, chukua, tuliweke nyumbani na mimi nisamehewe.

Makamu alilitazama kombe kwa muda. Alilitaka, mtu yeyote mwenye macho angeona.

"Turudie," alisema.

"Shemeji!"

"Kesho, turudie. Na huyu," akaninyooshea kidole bila kugeuka, "akate shimo kama mtu mwenye akili."

Nyumbani hakuna aliyesema neno mpaka tulipomaliza kula. Nilisafisha meza bila kuombwa, nikafuta hata mahali palipokuwa safi. Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Ungelichukua tu."

"Ningeliweka wapi? Kila nikilitazama ningeona lile shimo lako."

"Nimekukosea."

"Umenikosea." Alikuwa amepandisha mguu kwenye kiti na kuweka barafu gotini. "Sikia. Mimi nimeshindwa sana. Hakuna mtu anayejua kushindwa kuliko mimi, nimelifanya kwa bidii. Na kila mara nikirudi kwenye gari nilikuwa najua: pale niliogopa, pale nilipapatika, pale nilitaka makuu. Nikapata la kufanya wiki inayofuata. Leo nimepiga mpira sawasawa, ukarudi. Ningejifunza nini pale? Kwamba mume wangu amesoma?"

Nikaifuta meza tena.

"Unapenda kuuliza watu uwanja mkubwa ni upi," akaendelea. "Hujawahi kuniuliza mimi, na mimi ndiye ninayeucheza. Ule uwanja ulikuwa mkubwa kabla hujautia meno. Mtu akifika kule mwisho unampa njia mbili na unamwacha aamue. Leo ulituamulia wote."

Nilitaka kusema kitu kuhusu mifereji ya maji. Nikajizuia, ambalo kwangu ni tukio.

Asubuhi yake nilifika uwanjani na bomba langu, nikakaa kwenye grini ya kumi na nane kungoja jua. Nilikaa kwenye nyasi mbichi kwa makusudi, suruali ikalowa, ikawa adhabu ndogo ya kuanzia. Nyasi zilipokauka nikasimama na kibendera mkononi. Hapo ndipo shetani aliponijia kwa mara nyingine, safari hii kwa sura ya mume mwema.

Kushoto mwa grini ile kuna njia pana ya nyasi fupi. Mchezaji asiyetaka matatizo huupiga mpira upande huo, unabingirika wenyewe hadi kwenye grini, mbali na banka. Makamu huipenda njia ile, goti lake huipenda zaidi. Ningeliweka shimo kushoto, angeshinda bila kutoka jasho, na hakuna ambaye angeniuliza. Nilikwenda hadi pale. Nikaweka bomba chini. Nikasimama nalo nikimpenda mke wangu kwa njia ya kijinga kabisa. Kisha nikaliinua, maana hata huko nilikuwa namuamulia tena.

Nililikata kulia, chini ya nundu, mahali tambarare nyuma ya banka. Anayepita kushoto atafika salama, ila atabaki na safari ndefu ya kuusogeza mpira. Anayethubutu kupita juu ya banka anaweza kuulaza kando ya shimo. Nililijaribu mara nyingi, nikavua viatu nikakanyaga nyasi kwa miguu mitupu kuhakikisha zimekauka. Mkata majani mmoja aliyenipita alinisalimia kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa.

Sitasimulia raundi nzima. Walikuja kwenye njia ya mwisho wakiwa sawa, Makamu na yule mwanafunzi, na watu walikuwa wamejaa kuliko jana yake, wengine nadhani walikuja kuniona mimi. Sikuwa na kofia. Mwanafunzi akapiga wa kwanza: akachagua kushoto. Mpira wake ukabingirika kwa utii, ukafika kwenye grini, mbali na shimo lakini salama. Ilikuwa wazi atamaliza vizuri.

Makamu akasimama kando ya mpira wake. Akatazama kushoto. Nilikuwa naomba huko nilikosimama: kushoto, mama, kushoto, mtakuwa sawa na mtacheza shimo la ziada. Akashika fimbo moja, akairudisha kwenye mfuko. Akatazama kulia, juu ya banka, kwenye kibendera. Akatoa fimbo nyingine. Nilijua fimbo ile ni ya nini: ni ya kuurusha mpira juu ya banka.

Akapiga. Mpira ulipanda juu sana, mzuri mno, na kwa muda wote uliokuwa angani nilikuwa nimeshinda kila kitu maishani. Kisha ukagonga ukingo wa banka, kiasi cha kiganja kutoka kwenye usalama, ukarudi mchangani.

Aliingia bankani, akautoa kwa ustadi ambao ulifanya watu wapige makofi, ukakaa karibu na shimo. Mwanafunzi akamaliza kwa mipigo yake miwili ya taratibu. Makamu alihitaji huo mmoja tu ili wawe sawa. Alichutama, akasoma, akapiga. Mpira ukaenda, ukazunguka ukingo wa shimo na kubaki nje.

Akamkumbatia mwanafunzi kwa nguvu, akamwambia kitu kikamfanya yule binti alie. Kamera zikaenda na kombe. Watu wakaenda na kamera. Mimi nilizunguka kwa nyuma nikamkuta mke wangu amekaa ukingoni mwa banka, viatu amevua, miguu ameizika mchangani.

"Pole," nilisema.

Akatingisha kichwa.

"Ungepita kushoto." Mdomo huu, sijui nitaupeleka wapi.

"Najua ningepita kushoto."

"Sasa kwa nini hukupita?"

"Kwa sababu kulia kulikuwepo." Akageuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu jana. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nilikuona umekaa hapa asubuhi, nilikuwa kule juu kwenye baraza ya klabu nanyoosha mguu. Nilikuona umeshika hicho kibendera upande wa kushoto. Nilikuwa nakutukana."

"Nikakitoa."

"Ukakitoa." Akachota mchanga, akaumwaga. "Inaniuma, baba watoto. Usiniambie si kitu. Nilikuwa nalitaka lile kombe kuliko nilivyokwambia. Lakini ule mpira niliupiga mimi, kwa kutaka mwenyewe, na nilikuwa sijawahi kupiga mzuri kama ule. Sasa nyamaza kidogo nilie."

Nikakaa mchangani kando yake, nikanyamaza. Alilia sawasawa, kama mtu anayefanya kazi yake. Mimi pia nililia, kwa mapenzi, kwa aibu, na kwa sababu mchanga ulikuwa umeniingia jichoni, ingawa huo ulikuwa kidogo. Alipomaliza aliomba leso, sikuwa nayo, akajifuta kwa mkono wa shati langu. Akakaa anakitazama kibendera, ambacho nilitakiwa nikiondoe kabla ya jioni.

"Kesho usilizibe hilo shimo," alisema. "Nataka nipige tena kutoka palepale."

"Na goti?"

"Si langu?"

Nikamwambia shimo nitaliacha.